Mlinzi wa Tembe la Wazazi

Usiku ule Damari hakuvua hata kitambaa cha kichwani. Alijilaza kwa ubavu, uso umeelekea mlangoni, akiisikiliza barabara ya Kinyangiri. Diwani Isaka alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kwenye kikao cha halmashauri, na aliahidi kurudi siku hiyohiyo na lori la alizeti. Kikao kilikuwa na mambo mengi, lakini kwa Damari kilikuwa na jambo moja tu. Nyuma ya zahanati ya Igundu kuna tembe la zamani, nyumba ndefu ya udongo, ambamo wanawake wa vijiji vya mbali hulala wakisubiri siku zao za kujifungua. Ama libaki, ama liuzwe livunjwe.

“Lala,” alisema Philipo, mumewe, kutoka gizani. “Lori halipandi kilima kwa macho yako.”

“Nimelala.”

“Umelala huku unahema kama mtu anayetwanga mtama.”

Majuma matatu sasa tembe lilikuwa limefungwa kwa waya, likingoja uamuzi. Wanawake wawili waliofika katika siku hizo aliwalaza jikoni kwake. Wa tatu, binti mwembamba aliyetoka ng'ambo ya bonde, alikuta jiko limejaa, akaona haya, akasema atarudi kwao akasubiri huko. Wakati huo Damari alikuwa kisimani. Aliporudi na ndoo yake akaambiwa binti amekwishaondoka. Tangu siku ile hakuna aliyeleta habari zake, na kila Damari alipofumba macho alimwona yuko njiani, mkono mmoja kiunoni.

Njia hiyo aliijua kwa mwili wake. Alipokuwa na miaka kumi na minane, wanaume wanne walimbeba juu ya kitanda cha kamba kutoka kijijini kwa wakwe zake, wakiwahi zahanati. Mvua ilikuwa imejaza korongo. Walikaa ukingoni tangu adhuhuri wakingoja maji yapungue, na maji hayakupungua. Mtoto alizaliwa palepale, chini ya mgunga, na hakulia. Philipo alivua shati lake, wakamfunika nalo. Baadaye Mungu aliwapa Peniel, kisha Aneth, na watu wakamwita Mama Peniel kama vile huyo ndiye wa kwanza. Damari aliitika, maana jina ni jina, lakini katika hesabu yake mwenyewe Peniel alikuwa wa pili.

Walihamia Igundu wakati watu walipokusanywa vijijini. Tembe walilikuta. Wazee walisema lilijengwa na jumbe mmoja kabla ya vita vya Wajerumani, na kwamba nguzo zake za mninga zilikokotwa kwa ng'ombe siku nane kutoka misitu ya upande wa Itigi. Lilikuwa refu, vyumba vitatu mfululizo, kuta nene kiasi kwamba mtoto angeweza kulala dirishani asianguke. Paa lake lilikuwa la udongo, bapa, na nyakati za mavuno watu walianika mtama juu yake. Katika chumba cha mbele jumbe alikuwa akiamua kesi, na nguzo moja hapo ilikuwa imelainika kama mpini wa jembe kwa migongo ya watu waliokuwa wakingoja hukumu. Baada ya Uhuru chama cha ushirika kililichukua kuwa ghala la ngozi.

Damari alikuwa na elimu ya darasa la nne, na si mtu wa kusimama mbele za watu. Lakini katika mkutano mmoja wa kijiji, mwaka wa njaa, alijikuta amesimama. Alisema maneno machache tu: “Ngozi za ng'ombe zina nyumba, na wanawake tunazalia njiani.” Kisha akakaa. Mwenyekiti akacheka. Akatazama kulia na kushoto ili wenzake wacheke naye, na hakuna aliyecheka. Kabla ya mwezi kwisha ngozi zilihamishwa, na wanawake wakafanya kazi juma zima kuondoa harufu.

Tangu siku hizo yeye ndiye aliyekuwa mwangalizi. Hakuna aliyempa cheo wala barua. Alfajiri aliwasha moto katika chumba cha kati, maana tembe bila moshi huliwa na mchwa. Aliteka maji, akawasha taa, akahesabu miezi pamoja na wasichana wasiojua kuhesabu. Saa za uchungu alimwita nesi. Kila mwaka kabla ya mvua za kwanza aliwakusanya wanawake wa Igundu, wakang'oa majani yaliyoota juu ya paa, wakachanganya udongo wa kichuguu na majivu na samadi ya ng'ombe, wakakandika upya palipopasuka.

Chumba cha ndani pekee hawakukigusa. Huko kulikuwa na desturi iliyojizalia yenyewe. Mwanamke aliyejifungua salama, siku ya kuondoka, alichukua konzi ya udongo mbichi, akaubandika ukutani, akakandamiza kiganja chake. Chini ya kiganja akagusisha kisigino cha mtoto, kialama kidogo kama cha kokwa ya embe. Aliyempoteza mtoto naye aliweka kiganja, bila kisigino, na hakuna aliyemuuliza. Miaka ishirini hivi ukuta ule ulijaa mpaka karibu na boriti.

Kisha likaja soko huria. Ushirika ulikufa kifo cha polepole: kwanza mizani iliharibika, kisha karani akahama, kisha wakaja watu wa kuorodhesha mali ili ziuzwe. Katika orodha yao, kati ya mkokoteni mbovu na mashoka matatu, kulikuwa na “ghala moja la udongo.” Gaspari, mfanyabiashara aliyekuwa akinunua alizeti kwa lori lake mwenyewe, alilitaka. Si kwamba alilitaka tembe. Alitaka uwanja wake, ulio karibu na barabara, ajenge mashine ya kukamua mafuta.

“Hii huria ni nini hasa?” aliuliza Bibi Anastazia, mkunga wa zamani, aliyekuwa mkubwa kuliko wanawake wote wa pale.

“Ni kila mtu auze anachotaka, bibi,” Damari alimweleza.

“Hata kisicho chake?”

Gaspari hakuwa mtu mbaya. Alisalimia wakubwa kwa heshima, na gari lake lilikwisha kubeba wagonjwa wengi usiku bila malipo. “Mama Peniel,” alimwambia Damari siku moja, amesimama katikati ya uwanja akipima kwa hatua, “vijana watapata kazi hapa. Nyumba ya udongo mwisho wake ni udongo. Na wale mama zako nitawajengea banda la mabati, siku moja.”

“Siku moja ndiyo ipi?”

“Nawe unapenda tarehe kama hakimu.”

Ni Diwani Isaka aliyepata wazo la kuandika barua. Alikuwa amesikia kwamba serikali ina watu wa Mambo ya Kale ambao kazi yao ni kutazama nyumba za zamani, na nyumba wakiiandika, haiuzwi ovyo. Akaandika kurasa tatu juu ya jumbe, nguzo za mninga, kesi, ngozi na ukuta wa mikono. Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi wa vyama vingi, na Isaka hakuficha kwamba barua nzuri humsaidia diwani pia. Wiki zikapita, kisha jibu likaja: mtaalamu atafika Jumatano.

Damari aliposikia hivyo alikwenda mbio tembeni, na hapo ndipo alipokosea.

Alilitazama tembe kama mgeni. Aliona kuta zimeshika moshi. Aliona utando wa buibui. Aliona ukuta wa chumba cha ndani, wenye mikwaruzo na mabaka, kama uliolambwa na ndama. Mtu wa serikali kutoka Dar es Salaam aingie humo? Katika nchi ile, mgeni wa heshima hapokelewi katika nyumba isiyokandikwa. Hata maskini wa mwisho, akisikia mkwe anakuja, huchota udongo mweupe mtoni. Usiku huo hakulala, na Jumatatu asubuhi alipita nyumba kwa nyumba kuwaita wenzake.

Walikuja ishirini na tatu. Wengine walichota udongo mtoni, wengine wakaleta majivu na samadi. Waliimba. Bibi Anastazia peke yake ndiye aliyesimama kwenye chumba cha ndani na konzi ya udongo mkononi, asiipake.

“Mama Peniel, huyu mtu si anakuja kutazama vya zamani? Mbona tunampakulia vipya?”

“Bibi, hata maiti huoshwa kabla watu hawajaja kuitazama.”

Bibi Anastazia akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akapaka. Jumanne jioni tembe lilikuwa jeupe ndani, na mstari wa majivu chini kuzunguka vyumba vyote. Damari alilizunguka na taa, akaona ni zuri, akalala usingizi wa kwanza tangu siku nyingi.

Mtaalamu aliitwa Raymond. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye viatu vya vumbi, tochi, kamera na daftari. “Shikamoo mama,” alimwambia kila mwanamke, mmoja mmoja, na wakampenda. Alipapasa nguzo ya mninga kwa muda mrefu. Alipima unene wa kuta. Alipanda paani kwa ngazi, akashuka na udongo magotini, akiandika. Akaingia chumba cha ndani, akazungusha tochi yake ukutani, akazungusha tena.

“Hongereni kwa usafi,” alisema. “Sasa, barua ya diwani inataja alama za mikono ya akina mama. Ziko ukuta upi?”

Watu walikuwa wamejaa mlangoni, na Gaspari nyuma yao. Isaka alifungua mdomo, akaufumba. Hakuwa ameingia ndani tangu Jumatatu.

“Ni huo unaoutazama,” alisema Damari. “Tumeukandika jana.”

“Kwa nini, mama?”

“Kwa ajili yako.”

Raymond akazima tochi. Akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya debe lililokuwa na majivu. Hakukasirika, na hilo lilimuuma Damari zaidi. Angegomba, naye angepata la kujibu. Alisimama pale akihisi udongo mweupe uliokauka katikati ya vidole vyake.

“Udongo wa jana bado una maji,” alisema Bibi Anastazia hatimaye. “Haujashikana na mama yake. Nipeni kisu cha ugali na maji ya uvuguvugu.”

Walimletea mwiko bapa, maana kisu cha ugali hakuna aliyekijua ila yeye. Akalowesha kipande kidogo, akangoja, akaingiza ncha ya mwiko, na ngozi nyeupe ikainuka taratibu kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Chini yake kikatokea kidole gumba. Kisha vidole viwili. Kisha kiganja kizima na kisigino chake.

Walifanya hivyo mpaka jua likaelemea magharibi. Sehemu nyingi udongo mpya ulitoka na wa zamani, ukaanguka vipande, na kila kipande kilipoanguka mtu alivuta pumzi. Kati ya mikono zaidi ya mia walipata kumi na saba. Wanawake wakaanza kuitambua.

“Huo wangu. Tazama kidole cha shahada, hakina ncha. Shoka.”

“Ule mpana kama pepeo si wa mke wa Gaspari?”

“Ndio wenyewe,” alisema Gaspari kutoka nyuma, watu wakacheka, naye akacheka. “Nimeulipia mahari, naujua.”

Kiganja kimoja kilitoka bila kisigino. Raymond akauliza kama kisigino kimebomoka. Damari akamweleza. Raymond aliweka kamera chini, akaandika jambo hilo kwa mkono, polepole, na alipomaliza akamwomba amwambie tena ili asikosee. Kabla ya kuondoka alimwambia pembeni, “Mama, nyumba kama hizi zipo nyingine. Ukuta kama huu mimi sijauona.” Kisha akaomba tembe lifungwe lisitumike mpaka ripoti yake isomwe kikaoni. Isaka akaleta waya.

Ndivyo ilivyokuwa. Na sasa jogoo wa pili alikuwa amewika, na lori halijasikika.

Lilifika jua limechomoza, taa moja imekufa, Isaka amekaa mbele karibu na dereva na vumbi usoni mpaka kope zimekuwa nyeupe. Walipasukiwa na matairi mawili njiani. Damari alikuwa amekwishafika barabarani, Philipo nyuma yake amejitanda blanketi. Bibi Anastazia alikuja na mkongojo, na wengine wakatoka majumbani mwao.

“Shikamoo, bibi. Haliuzwi,” alisema Isaka kabla hajashuka vizuri. “Limeandikwa. Gaspari atapewa uwanja mwingine, kule kwenye mnada wa ng'ombe.”

Wanawake wakapiga vigelegele. Philipo alimgusa Damari begani, na kwa Philipo hilo lilikuwa jambo kubwa. Damari alihisi miguu imekuwa myepesi, kisha akauliza, maana ndiyo tabia yake, hawezi kupokea kitu asikigeuze upande wa pili.

“Na wazazi wanaingia lini?”

Isaka akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua. Ilikuwa na muhuri. Akaisoma yote kwa sauti ya mkutano, lakini sauti ilipungua kadiri alivyosogea chini. Nyumba ihifadhiwe kama ilivyo. Asilale mtu ndani. Usiwashwe moto. Ukuta usiguswe wala usikandikwe, mpaka wataalamu watakaporudi na kutoa maelekezo.

“Watarudi lini?”

“Fedha zikipatikana.”

“Isaka. Tembe bila moshi ni chakula cha mchwa. Bila kukandikwa, mvua mbili litakuwa kichuguu.”

“Najua, Mama Peniel. Mimi pia nimezaliwa kwenye tembe. Tutaandika barua.”

“Mvua inasoma barua?”

Isaka alitoa mfuko wa plastiki, na ndani yake kulikuwa na kufuli jipya, zito, na funguo mbili. “Jina lako nimelitaja kikaoni,” alisema, na alijitahidi kusema kwa furaha. “Wewe ndiwe mlinzi. Imeandikwa hapa. Mlinzi, Damari Philipo. Miaka yote umefanya bila karatasi, leo unayo.”

Walikwenda wote mpaka tembeni. Isaka alikata waya kwa koleo, akavuta mlango wa ubao mmoja ukafungika vizuri, akatia kufuli. Akampa Damari funguo. Hakuna aliyepiga kigelegele safari hii. Damari aliiona karatasi mkononi mwake, na jina lake lilikuwa hapo kweli, limepigwa chapa, halina kosa hata herufi moja. Hakuwa amewahi kuona jina lake limepigwa chapa. Alilisoma mara mbili, na aliona aibu kwamba lilimfurahisha.

Walikuwa bado wamesimama hapo baiskeli ilipoingia uwanjani, ikisukumwa na kijana aliyelowa jasho mpaka kifuani. Nyuma yake, kwenye keria, juu ya kipande cha kapeti kilichofungwa kwa mpira, alikaa mwanamke mdogo na furushi mapajani. Hakuwa yule mwembamba wa bonde. Huyu Damari hakumjua.

“Shikamooni,” alisema kijana. “Tumetoka mbali, tumelala njiani. Tumeelekezwa kwa Mama Peniel, kwenye nyumba ya kusubiri.”

Damari alimwendea yule mwanamke, akamwekea kiganja tumboni bila kumuuliza jina. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma iliyoanikwa juani. Akangoja. Likalegea. Akahesabu kimya. Likakaza tena.

“Maumivu yameanza lini, mwanangu?”

“Tangu jogoo wa kwanza.”

“Uzazi huu ni wa ngapi?”

“Wa kwanza, mama.”

“Nesi?” aliuliza Damari bila kugeuka.

“Yuko njiani kutoka Kinyangiri,” alijibu mtu. “Zahanati imefungwa mpaka saa nne.”

“Jiko langu?”

“Limejaa,” alisema Philipo. “Wale wawili bado wamelala.”

Isaka alisogea. “Mama Peniel,” alisema taratibu, kama mtu anayeongea na ng'ombe aliye karibu na shamba la mwenziwe. “Ile karatasi ina muhuri. Ya jana tu. Hata wino haujakauka.”

“Nimeiona.”

“Wakisikia, watasema mlinzi ndiye wa kwanza kuvunja. Wanaweza kuliweka tena kwenye orodha.”

Damari alijua kwamba Isaka hasemi uongo. Alifikiri juu ya yule kijana wa viatu vya vumbi, aliyeandika polepole ili asikosee, na akamwonea huruma kidogo. Kisha yule mwanamke juu ya baiskeli akainamisha kichwa na kuuma ncha ya khanga yake, asitoe sauti, kwa kuwa kulikuwa na wanaume.

“Mshusheni,” alisema Damari.

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani. Bibi Anastazia alikuwa tayari amemshika mgeni kwapani upande mmoja. Kijana alipomshusha mkewe, baiskeli ikayumba, na Diwani Isaka akaishika isianguke. Akabaki ameishika.

Ufunguo ulikuwa mpya na mgumu. Damari aliugeuza upande usio wake, akauchomoa, akautia tena. Kufuli likaruka. Akausukuma mlango kwa bega mpaka ukagota ukuta wa ndani, na mwanga wa asubuhi ukaingia chumba cha mbele chote.

“Nani ana kiberiti?” aliuliza.

Wanawake wakatazamana. Isaka akaachia mkono mmoja wa baiskeli, akaanza kupapasa mfuko wa shati lake.